Maswali ya Wasomaji: Kuijua Njia ya Majini kwa Nyota

SWALI: Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Mimi ni baharia katika mashua ya injini inayobeba abiria na mizigo kati ya Kasenyi na visiwa vya Ssese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Hivi karibuni tulichelewa kuondoka, giza likatukuta katikati ya ziwa, na simu tuliyoitegemea ituonyeshe njia ikazimika kwa kukosa chaji. Nahodha wetu alitufikisha salama kwa kutazama nyota, lakini nilipomwomba anifundishe alisema hajui aielezeeje elimu hiyo. Nimesoma kwamba mwanafunzi huanza na Nyota ya Kaskazini. Nimeitafuta usiku mwingi nisiione. Je, nianzie wapi, na ni lazima ninunue sekstanti, yaani chombo cha kupimia urefu wa nyota juu ya upeo wa macho?
Msomaji, Kasenyi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Macho yako hayana kasoro. Urefu wa Nyota ya Kaskazini juu ya upeo wa macho hulingana na umbali wa mtazamaji kutoka ikweta, na ikweta inapita katika maji hayo hayo unayoyavuka, kati ya Entebbe na Kalangala huko Ssese. Kwa hiyo nyota hiyo kwenu hulala kwenye upeo wenyewe, ikamezwa na ukungu na miti ya ng'ambo. Manahodha wa Kiarabu waliokuja pwani ya Waswahili kwa pepo za kaskazi waliijua shida hiyo karne nyingi zilizopita. Walizoea kuipima kwa kamal, yaani kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, na kadiri walivyoshuka kusini ndivyo ilivyowapotea, hata wakalazimika kupima nyota nyingine za upande wa kaskazini zilizokuwa juu zaidi. Jina walilolipa nyota hiyo limebaki katika Kiswahili cha mabaharia: jaa ni kaskazini, kama vile suheli, nyota kubwa ya kusini, ilivyokuwa jina la kusini.

Anza basi na mashariki na magharibi, kwa maana hapo ikweta imekupa neema ambayo baharia wa Ulaya hanayo. Kwao nyota huchomoza kimshazari na kuhama upande upesi. Kwenu hupanda wima, kama ndoo inayovutwa kisimani. Zitafute nyota tatu zilizopangana katika mkanda wa kundi la nyota la Orioni. Katikati ya Desemba huchomoza jua linapozama, zikitokea mashariki hasa, zikapita utosini kwako baada ya saa sita, kisha zikashuka magharibi hasa. Usiku kucha, isipokuwa zinapokuwa karibu na utosi, zinakuonyesha mstari mmoja tu. Kila siku nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana yake, ambazo kwa mwezi ni saa mbili kamili, na kwa hiyo katikati ya Machi mkanda huo utaukuta tayari uko utosini giza linapoingia.

Ukishazizoea hizo, jifunze mahali pa kuchomoza pa nyota nyingine chache. Siriusi, inayong'aa kupita nyota zote za usiku, huchomoza digrii 17 kusini mwa mashariki. Altairi, ambayo katikati ya Julai hupanda jua likitua, hutokea digrii 9 kaskazini mwa mashariki. Suheli inapokaribia kuzama iko karibu na kusini-magharibi, na nadhani nahodha wako huitumia sana hata kama hajui jina lake. Ngumi yako, mkono ukiwa umenyooshwa, ni digrii 10 hivi, na vidole vitatu vya kati ni 5. Hicho ndicho kipimo chako cha kwanza.

Kusini utakupata kwa Msalaba wa Kusini, kundi la nyota lenye umbo la msalaba. Katikati ya Mei, kama saa nne usiku, husimama wima, na chini yake moja kwa moja ndiko kusini. Kwa bahati mbaya huo ni msimu wa masika, na mawingu yatakunyima usiku mwingi.

Sekstanti usinunue. Kosa la dakika moja ya digrii, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, katika kipimo chake ni kosa la maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na kuishika barabara juu ya mashua inayoyumba huhitaji mazoezi marefu. Nayo hutaka upeo wa maji ulio wazi, ambao visiwa vya Ssese mara nyingi hukufichia. Mau Piailug, baharia wa kisiwa cha Satawal katika Bahari ya Pasifiki, aliiongoza mashua ya Hōkūle'a kutoka Hawaii hadi Tahiti mwaka 1976, safari ya zaidi ya kilomita 4,000, bila chombo chochote cha kupimia. Alichokuwa nacho ni nyota na mawimbi aliyofunzwa tangu utotoni. Kwa hiyo rudi kwa nahodha wako, usimwombe akueleze. Kaa kando yake, na kila baada ya nusu saa umuulize anaitazama nyota gani, kisha uandike jina au umbo lake, saa, na upande mashua ilikoelekea. Dira iwepo daima. Nyota za chini upande mmoja zikianza kutoweka bila sababu, hilo ni wingu la dhoruba, na ziwa letu hupiga radi zake nyingi usiku: geuzeni mapema kuelekea kisiwa kilicho karibu.

SWALI: Sisi wachuuzi wa mukene, dagaa wa ziwani, tuliifuata nyota kubwa iliyong'aa magharibi tukijua tunaelekea nyumbani. Baada ya miezi michache tukaikosa kabisa. Imekwenda wapi?
Mama wa Masaka

JIBU: Mama, ile ilikuwa Zuhura, nayo ni sayari. Hubadilisha mahali pake kati ya nyota, na baada ya kuonekana jioni kwa miezi hupotea karibu na jua, kisha huonekana tena mashariki kabla ya alfajiri. Nyota halisi humetameta; Zuhura na sayari ya Mshtarii hutoa nuru iliyotulia. Mnapoona nuru ya namna hiyo, ifurahieni, lakini mshika usukani ashike njia kwa nyota halisi.