Nyumba ya babu inatoa chumvi

SWALI: Assalaam alaykum, ndugu mshauri. Tumehamia nyumba ya marehemu babu huko Mtongwe, ya mawe na boriti, na plasta ya saruji tuliyotia sebuleni inabambuka na kuacha unga mweupe. Mume wangu ataka kuongeza saruji. Mama mkwe asema nyumba imekasirika. Watoto wanakohoa vumbi usiku kucha. Tufanyeje?
Mama wa watatu, Likoni

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nyumba haikukasirika, ingawa mama mkwe ameukaribia ukweli kuliko mumeo. Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hufyonza unyevu wa ardhini na kuutoa polepole hewani. Saruji huziba njia hiyo, maji yakabaki ndani, na chumvi inapoganda nyuma ya plasta huisukuma hadi ikabambuka. Kuongeza saruji ni kuongeza hasara.

Ibambueni yote, mwache ukuta ukauke kwa miezi kadhaa, ikiwezekana baada ya masika, kisha mpige plasta ya chokaa na mchanga usio wa baharini. Boriti nazo zigongwe moja moja kwa nyundo, kwani ile itakayolia kama mtungi mtupu huenda imeliwa na mchwa. Fanyeni chumba kimoja kimoja, watoto walale mbali na kazi, na kikohozi kisipotulia wapelekeni kwa daktari. Mama mkwe naye aulizwe: babu alimtumia fundi gani wa chokaa?