Picha zinahifadhika lakini hazifunguki: tazama mkia wa jina

Dada, umesema picha za harusi alizokutumia nduguyo kwa barua pepe unazihifadhi vizuri kwenye kompyuta ya Windows, ukizigonga hazifunguki. Hebu tazama mwisho wa jina la faili. Ukiona .heic badala ya .jpg, picha ni nzima. iPhone zilianza kutumia muundo huo wa .heic 2017, na kompyuta nyingi za Windows haziusomi bila kuongezewa programu. Yalinikuta hapa Langoni, nikashinda nusu siku nikiulaumu mtandao wa Lamu, maskini! Zipandishe Google Photos utaziona. Halafu nduguyo, kwenye iPhone yake, aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible. Hiyo lakini itasaidia picha mpya tu. Kubadilisha mkia wa jina tu, .heic kuwa .jpg, kwa mkono hakusaidii kitu, nilijaribu.