Usinunue silabusi za mwaka wa kwanza kiangazi hiki

Mdogo wangu, usimpe huyo yaya, yaani mkubwa wako wa mtaani, hata faranga moja. Umeandika kwamba umemaliza Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, unangojea matokeo, na kuna mwanafunzi wa mtaani kwenu hapa Lubumbashi anayetaka kukuuzia silabusi zake, vile vijitabu vya kozi vya maprofesa, uzisome Julai na Agosti "utangulie wenzako". Unauliza usome asubuhi au usiku, vumbi ulizuie vipi, simu au karatasi. Hayo baadaye. Kwanza pesa.

Mimi niliambiwa maneno hayohayo na yaya wa jirani. Nikatoa pesa ambayo mama aliniwekea ya kuanzia masomo. Nilichopata ni fotokopi ya fotokopi: mstari wa chini umekatwa kila ukurasa, majedwali yamegeuka doa jeusi, sura nzima ya takwimu haimo. Kiangazi chote nilikariri vitu hivyo. Ulikuwa mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vilipoingia LMD, mfumo wa licence, master na doctorat. Graduat, ile shahada ya kwanza ya zamani, ikaondoka, masomo yakapangwa upya kwa semesta na kredi. Kozi mbili nilizokariri zikawa moja, nyingine ikapelekwa mwaka wa pili. Kisha asistanti, msaidizi wa profesa, akapita na silabusi mpya, na jina lako lazima lionekane kwenye orodha ya walionunua. Mama alikopa ili ninunue mara ya pili.

Na yaya yule alijua! Alikuwa ndani ya chuo, mabadiliko yalikuwa yakizungumzwa kila mahali, ndiyo maana alikuwa na haraka ya kuziuza. Kumfanyia hivyo mtoto wa jirani, anayekusalimu kila asubuhi, ni ubaya. Hata leo LMD imezoeleka, profesa akibadilika silabusi inabadilika naye.

Kiangazi soma kitabu ambacho hakuna atakayekuuliza swali juu yake. Riwaya, maisha ya mtu, historia ya Katanga, chochote unachokitaka mwenyewe. Dada yangu alifanya hivyo. Mwezi wa saba usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, basi asubuhi alikuwa anatoka na koti, anaegemea ukuta unaopigwa na jua, anasoma mpaka bukari, ugali wetu, iive. Hakuna mvua ya kumfukuza, hakuna kengele. Mama alimwita mara tatu ndipo asikie. Alipoingia chuo, profesa anaongea Kifaransa kirefu bila kupumua, yeye anaandika tu, kwa sababu macho yake na masikio yake yalishazoea sentensi ndefu. Mimi niliyekariri nilikuwa bado natafuta kitenzi.

Chukua karatasi, si simu: juani kioo hakionekani, na kiangazi mito inapungua maji, umeme unakatika sana, utachaji wapi?

Vitabu vilivyotumika vinauzwa chini barazani katikati ya mji. Nenda mapema na pesa kidogo. Kunja kitabu taratibu usikie kama gundi ya mgongo imekauka, maana hewa hii kavu inazitoa kurasa moja moja. Kisha fungua katikati, usome umesimama. Kama muuzaji amekuita mara ya pili na hukumsikia, nunua hicho.