Suala Zima, na Nusu Yake Iko Wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi wa mihtasari ya vikao katika halmashauri moja mkoani Morogoro. Tulikaa na wenzetu wa halmashauri jirani, nikaandika: "Wajumbe wameazimia kushirikiana kwa pamoja katika suala zima la kupunguza uzalishaji wa hewa chafu." Mjumbe mmoja akapinga, akasema si "hewa chafu", ni "gesi joto". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mjumbe yuko sahihi. Hewa chafu ni moshi wa daladala bovu, ni uvundo wa mtaro, ni ile anayosingiziwa mtoto sebuleni wageni wakiwapo. Hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, haina rangi wala harufu. Unaipumua nje wewe mwenyewe hapo ulipo na hakuna anayeziba pua. Kosa lake ni kunasa joto lisitoroke kwenda angani, yenyewe pamoja na methani na wenzao, ndiyo maana zikaitwa gesi joto. Tena achana na "uzalishaji": mimi huzalisha mahindi na maziwa, gesi hutolewa. Swali lako limekwisha.

Sasa tuje kwenye kilichoniuma.

"Suala" na "swali" asili yao moja, Kiarabu; mmoja alibaki kuuliza, mwenziwe akapanda cheo akawa jambo la kujadiliwa. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na huyu "zima" aliyeng'ang'ania mgongoni. Mtu akishakabidhiwa kipaza sauti tu: suala zima la elimu, suala zima la usafi, suala zima la choo cha shule. Nusu yake iko wapi? Diwani gani aliwahi kusimama akachangia robo suala la barabara? Kuku mzima namwelewa, maana yuko wa vipande. Mkate mzima naujua, maana dukani hukatiwa nusu. "Zima" hufaa pale kipande kinapowezekana. Na kama wanakusudia uzima wa "hamjambo, wazima?", basi hili la tabianchi ndilo suala gonjwa kuliko yote kikaoni.

Lakini katika sentensi yako, neno hili limefanya baya zaidi ya kurefusha: limeficha kazi. Upunguzaji wa gesi joto hauna "uzima". Una vipande, na kila kipande kina mwenyewe. Chukua Dar es Salaam. Taka za manispaa nyingine za mkoa huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, ambalo liko kwenye eneo la Halmashauri ya Jiji. Maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni yakifukiwa humo, yanaoza bila hewa na kutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto mara zaidi ya 25 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Gesi hiyo imetoka kwenye soko la huyu, ikapandia kwenye ardhi ya yule. Hapo ushirikiano una maana. Manispaa ya Kinondoni ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa msaada wa jiji la Hamburg, Ujerumani, ambalo ni jiji rafiki wa Dar es Salaam tangu 2010. Taka za sokoni zinageuzwa zipate hewa, zinakuwa mbolea badala ya methani. Sasa mwandishi wa kikao akiandika "kupeleka taka za masoko kwenye mboji", afisa afya kesho asubuhi anajua gari liende wapi. Akiandika "suala zima la taka", gari linabaki limeegeshwa.

Usafiri nao ni kipande kingine, chenye magari yake ya mwendokasi tangu 2016. Hata ule mtandao wa miji inayopambana na mabadiliko ya tabianchi, unaoitwa C40, ulioanzia London 2005 chini ya Meya Ken Livingstone, na ambao Dar es Salaam na Nairobi zimo, hudai mpango wenye vipengele: majengo, umeme, magari, taka. Ukiwapelekea suala zima watakurudishia.

Na "kushirikiana kwa pamoja"? Kile "-ana" mwishoni kimeshawaweka pamoja. Atakayeshirikiana peke yake anipigie simu, nije na kamera.

Andika hivi: "Halmashauri zimeazimia kushirikiana kupunguza utoaji wa gesi joto kwa" kisha utaje kitu. Ukikosa cha kutaja, rudi kwa wajumbe, si kwangu. Mwenyekiti akilichomeka tena "suala zima" kwa kalamu yake, mwachie. Ana cheo na mimi nina miaka mingi ya kulisikia. "Kwa pamoja" tu ndiyo usimrudishie, hata akikunyima posho ya kikao.