Tyublesi haitaki misuli, yataka upepo wa ghafla

Ukiendesha baiskeli ya milimani huku kwetu Malindi, ukaacha lami na kushika njia za vumbi za kuelekea Marafa, miba haitakuacha salama. Ndiyo maana wengi wetu tumehamia tyublesi: hakuna tyubu ya kutoboka, na ile dawa nyeupe iliyo ndani huziba tundu dogo kabla hujajua kama umechomwa. Shida huanza nyumbani, siku ya kuvisha tairi jipya. Mtu hupiga pampu mpaka jasho linamtiririka, tairi limelala vilevile, mwisho anakata tamaa na kurudisha tyubu.

Wanaoniuliza huwaambia hivi: nguvu si kitu. Tairi halikai kwa sababu upepo unatoka upesi kuliko unavyoingia. Pampu ya kawaida hutia kidogo kidogo, na kati ya ukingo wa tairi na rimu kuna mwanya wa kuvujia pande zote. Ukingo ukishagusa rimu mzunguko mzima, presha hupanda, nao husukumwa kutoka kwenye mfereji wa katikati hadi ukalie kibaraza chembamba kilicho pembeni. Hapo ndipo unaposikia pa! pa! Basi kazi ni mbili tu: punguza mwanya, harakisha upepo.

Kwanza hakikisha rimu na tairi vyote vimetengenezwa kwa tyublesi. Baiskeli nyingi za mtumba zina rimu za zamani zisizo na kibaraza hicho, na hizo mimi sizihangaikii. Tepu ya rimu, ile inayoziba matundu ya spoki, nayo isifanyiwe haraka. Futa rimu kwa spiriti, iache ikauke, vuta tepu kwa nguvu huku ukiikandamiza kwa kidole gumba, na uanzie mbali na tundu la vali ili miishio ipandane upande mwingine. Tundu la vali toboa dogo; vali yenyewe italipanua.

Sasa mbinu ninayoipenda kuliko zote, maana haihitaji mashine. Tairi jipya huja limekunjwa, na kingo zake zimejipinda. Lianike juani, liregee. Kisha livishe pamoja na tyubu ya kawaida, jaza upepo mpaka pande zote mbili zikae, uliache hivyo usiku kucha. Asubuhi toa upepo, ng'oa upande mmoja tu kwa liva ya plastiki (ya chuma huchana tepu), chomoa tyubu, weka vali ya tyublesi, rudisha upande ule. Upande wa pili haukuguswa, bado umekaa. Mwanya umebaki nusu, na mara nyingi hata pampu ya kusimama yatosha.

Paka povu la sabuni ya vyombo kwenye kingo zote. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na povu lake halidumu, kwa hiyo tumia ya mvua au ya mfereji. Halafu fungua kiini cha vali, kile cha ndani kinachofungulia na kufungia upepo, ukitoe kabisa. Kile kijipande kidogo huzuia upepo mwingi, na ukikiondoa utaona tofauti papo hapo.

Ikigoma, nenda kwa fundi wa pancha mwenye kompresa. Hapa wengi hukwama, kwa sababu ile adapta ya shaba, inayofanya vali nyembamba ya baiskeli ishikwe na mpira wa kompresa, hujifunga kwenye kiini chenyewe; ukikitoa, haina pa kushika. Mwombe fundi ile bunduki ya upepo yenye ncha, aikandamize kwenye vali iliyo wazi na kupuliza kwa vipindi vifupi. Bunduki nyingi hazina geji, kwa hiyo uso wako uwe mbali na gurudumu, na apulize kidogo, aache, atazame. Tairi likishalia, ziba vali kwa kidole na urudishe kiini. Upepo utapungua, lakini kingo zitabaki zilipo.

Usipite kamwe presha iliyoandikwa kwenye tairi au rimu. Fuata iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Matairi mengi ya milimani hukaa kabla ya paundi 40. Likikataa, toa upepo, paka povu tena, anza upya. Na nakusihi, ndugu yangu, usikubali ile njia ya kupulizia petroli na kuwasha kiberiti kama wafanyavyo kwenye matairi ya lori. Huunguza tepu na mpira, na huweza kukuunguza wewe.

Tazama ule mstari mwembamba uliozunguka tairi karibu na rimu. Ukionekana sawa pande zote, limekaa. Mahali unapozama, bado.

Dawa naitia mwisho, kwa sirinji ya duka la dawa, kupitia vali iliyotolewa kiini: mililita 100 hadi 120 kwa tairi pana la inchi 29. Rudisha kiini, jaza upepo, zungusha gurudumu, litikise, kisha lilaze upande mmoja na baadaye wa pili. Vipovu vidogo vikitoka ubavuni usiogope, dawa inaziba. Kwa kuendesha mimi hubakiza paundi 22 mbele na 25 nyuma, na kwenye mchanga mzito hupunguza kidogo.

Dawa nyingi ni za utomvu wa mpira, na joto huzikausha. Kwa jua letu, hasa wakati wa kaskazi, ichungulie kila mwezi: tikisa gurudumu, usiposikia mchapo wa maji ndani, ongeza.

Safarini beba tyubu moja, kwa ajili ya mchaniko ambao dawa haiuwezi. Lakini kabla ya kuitia, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote na ung'oe kila mwiba utakaokinasa. Tyublesi hutembea na miba mingi iliyozibwa na dawa bila wewe kujua, na mmoja tu ukibaki, tyubu mpya haifiki mbali.