Maswali Yenu: Mbona lifti inaniongezea uzito?

SWALI: Ofisi yetu iko ghorofa ya sita, katikati ya jiji la Arusha. Lifti ikianza kupanda nahisi miguu imeelemewa. Ikikaribia kusimama, tumbo linakuwa jepesi. Ikishuka, mambo yanageuka. Je, uzito unabadilika kweli au ni hisia tu?
Msomaji, Njiro

JIBU: Dunia inakuvuta vilevile muda wote. Kinachobadilika ni nguvu ambayo sakafu inakusukuma nayo kutoka chini, na hiyo ndiyo mwili unaihisi kama uzito. Lifti ikichapuka kwenda juu, sakafu inakubeba na papo hapo inakuongezea mwendo, hivyo inasukuma zaidi. Ikipunguza mwendo huko juu, inasukuma pungufu. Katikati ya safari, mwendo ukiwa haubadiliki, unahisi uzito wako wa kawaida hata lifti iende mbio namna gani. Wengi wanakosea hapa: wanadhani kasi ndiyo inayolemea, kumbe ni badiliko la kasi.

Chukua mtu wa kilo 60 ndani ya lifti yenye mchapuko, yaani badiliko la kasi kila sekunde, wa mita 1 kwa sekunde mraba, kiwango cha kawaida kwa lifti za abiria. Mchapuko wa mvutano wa dunia ni 9.8. Jumlisha upate 10.8, gawa kwa 9.8, zidisha kwa 60: mizani itasoma kama kilo 66. Lifti ikipunguza mwendo kwa kiwango hicho hicho, itasoma kilo 54. Wakati wa kushuka, 54 inatangulia na 66 inakuja lifti inaposimama.

Jipimie mwenyewe. Tafuta mizani ya kukanyaga yenye mshale na springi. Ya kidijitali haifai, maana nyingi husubiri namba itulie ndipo ziionyeshe. Simama wima, usishike ukuta, wala usikunje magoti, kwani ukiyakunja unaongeza mchapuko wako mwenyewe na mshale unayumba. Badiliko hudumu sekunde moja au mbili tu, kwa hiyo mwenzio aurekodi mshale kwa simu. Mizani ya mawe, ile ya sokoni yenye sahani mbili, haitakuonyesha kitu: mzigo na mawe vinalemea pamoja.

SWALI: Basi likiruka tuta, kwa nini wanaorushwa zaidi ni wa viti vya nyuma?
Msomaji, Moshi

JIBU: Viti hivyo viko nyuma ya ekseli, yaani mhimili unaobeba tairi za nyuma. Tairi za nyuma zikipanda tuta, mkia wa basi unainuka kuliko tairi zenyewe, kisha unadondoka. Kiti kikishuka kwa mchapuko unaozidi ule wa mvutano wa dunia, 9.8, abiria hawezi kukifuata. Anabaki hewani, na kiti kinaporudi juu kinakutana naye akianguka. Kishindo hicho ndicho kinachoumiza uti wa mgongo. Mwenye maumivu ya mgongo aombe kiti kilicho baina ya ekseli mbili, na afunge mkanda.