Mbegu za nyati zinafia wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mtaalamu wa uhimilishaji (kupandikiza mbegu za dume kwa mrija) wa ng'ombe hapa Kondoa. Sasa tunashiriki kazi yenye kibali ya kuhifadhi mbegu za nyati madume wanaouawa baada ya kuvamia vijiji. Korodani zinasafirishwa hadi maabara Dodoma mjini, tunatoa mbegu kwenye epididimisi (mrija uliojikunja juu ya korodani, unaohifadhi mbegu) na kuzigandisha kwa kanuni ileile ya ng'ombe. Kabla ya kugandisha, asilimia 70 hivi zinatembea vizuri. Tukiyeyusha, hazifiki 15. Tubadilishe dawa ipi?

JIBU: Marahaba. Dawa iache kwanza. Unapima mara mbili tu, mwanzo na mwisho, na katikati kuna hatua ambazo hakuna anayeziangalia. Chukua mbegu za nyati mmoja, uziangalie kwa darubini mara nne: zinapotoka kwenye epididimisi, zikishapoa hadi nyuzi 5, gliseroli (kimiminika kinacholinda mbegu dhidi ya barafu) ikishakaa ndani, na baada ya kuyeyusha. Zikiporomoka kabla hata ya kuona naitrojeni ya kimiminika inayozigandisha, hutakuwa na sababu ya kuhangaika na naitrojeni.

Mimi ningeanza kushuku upoaji. Mafuta yaliyo kwenye utando wa mbegu hubadilika hali joto linaposhuka kutoka nyuzi 15 kuelekea 5, na likishuka ghafla utando unavuja. Mbegu ya namna hiyo inaweza kuonekana inatembea kwa muda, kisha ikafa wakati wa kugandishwa. Kiini cha yai kimo kwenye mchanganyiko wenu kwa sababu hiyo hasa, lakini hakiwezi kumwokoa mtu mwenye haraka. Weka chupa yenye mbegu ndani ya kopo la maji ya joto linalolingana nayo, kisha kopo zima uliingize kwenye jokofu. Lipe saa mbili au zaidi.

Safari nayo ina lake. Korodani isikae kwenye gari linalochemka kwa jua la mchana, wala isilazwe juu ya barafu tupu. Iache na epididimisi yake bila kuikata, itie kwenye mfuko, uviringishe taulo, ndipo barafu ifuate. Ikipozwa hivyo, mbegu zilizo ndani huvumilia siku nzima bila shida kubwa. Mkifika maabara, sukumeni mbegu kwa sindano kupitia mrija wa kutolea mbegu, zitoke kwa nyuma. Hiyo ni bora kuliko kukatakata, maana damu ikichanganyika nazo inaziharibu. Na vioo vyote viwe vikavu: tone moja la maji ya bomba hupindisha mikia, na utadhani kosa ni la baridi.

Sasa gliseroli. Tangu mwaka 1949, wanasayansi Polge, Smith na Parkes walipoonyesha Uingereza kwamba inalinda mbegu zinapogandishwa, kazi hii imejengwa juu yake. Barafu huanza nje ya mbegu. Chumvi iliyobaki kwenye maji hukolea na kuvuta maji yaliyo ndani. Ukigandisha polepole mno, mbegu inakauka na kuunguzwa na chumvi. Ukiharakisha mno, barafu inaota ndani. Gliseroli inakupa nafasi katikati, lakini nayo ni sumu ikizidi, na kiwango kinachofaa hutofautiana kwa kila mnyama. Gawa mbegu za nyati huyohuyo mafungu matatu: asilimia 4, 6 na 8. Iongeze kidogo kidogo mkiwa tayari kwenye nyuzi 5. Kisha mirija midogo iliyojazwa mbegu ilale kwenye mvuke, sentimita 4 juu ya naitrojeni, dakika 10, ndipo izamishwe. Kuyeyusha ni maji ya nyuzi 37, sekunde 30, kwa kipimajoto na si kwa kidole.

Baada ya kuyeyusha, usiridhike na hesabu ya dakika ya kwanza. Zihifadhi kwenye nyuzi 37, uziangalie tena baada ya saa moja na saa mbili. Mbegu inayochoka ndani ya dakika 20 haitafika kwenye yai.

Kazi hii inastahili uvumilivu huo. Mwaka 2019, viinitete vya faru weupe wa kaskazini vilitengenezwa kwa mayai ya Fatu, faru jike anayeishi katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, na mbegu zilizogandishwa za dume aliyekwisha kufa. Dume la mwisho la jamii hiyo, Sudan, lilikufa Machi 2018. Bila aliyegandisha mapema kwa uangalifu, pasingekuwa na cha kuanzia.

Jambo moja halina mjadala. Nyati hubeba virusi vya homa ya miguu na midomo bila kuonyesha ugonjwa, na baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri huhifadhi virusi kama inavyohifadhi mbegu. Mirija ya nyati isikae kamwe kwenye mtungi mmoja na mbegu za ng'ombe unazowapelekea wafugaji. Kama mtungi wa pili haupo, simamisheni kazi hadi upatikane.

Niandikie tena ukiwa na hesabu za hatua zote nne.